Mbaazi Mbele ya Mgeni

Mgeni wetu wa ghorofa ya juu alishuka asubuhi ya kwanza akaniuliza ni wapi katika mtaa wetu angeweza kupata chakula kisicho na nyama, wala kuku, wala samaki. Nilicheka, na sikucheka kwa dharau. Nilimwambia Maskati imejaa Wahindi tangu enzi za mababu na kwamba tatizo lake tungelimaliza kabla ya chai kupoa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaongeza jambo moja dogo: wala maji yaliyochemshiwa vitu hivyo.

Hayo ya maji yalinishika. Nimekula katika mji huu maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza wali wangu umepikwa kwa maji gani. Mimi kwa tabia ni mtu wa kuchungulia sufuria za watu, na mama amenigombeza kwa hilo tangu nina meno ya utoto, kwa hiyo mgeni aliyekuja na swali la namna hiyo alikuwa amenipata hasa.

Tunakaa Khuwair ya Kusini, mimi na mama. Kaka zangu walipooa wakahama, ghorofa ya juu ikabaki tupu, na baba akaona afadhali tuwapangishe wasafiri kwa siku kadhaa kadhaa kuliko kuiachia vumbi na mende. Huyu alitoka Japani. Alikuwa mwanamke wa umri wa kustaafu, mwembamba, nywele fupi za mvi, na viatu alivivua chini ngazini hata kabla sijamwambia. Tulizungumza Kiingereza, chake cha taratibu na changu cha haraka, tukakutana katikati.

Safari hiyo ilipangwa kwa watu wawili. Mumewe alipokuwa kijana alifanya kazi ya mitambo bandarini Matrah, na katika ndoa yao yote alikuwa na hadithi moja asiyochoka nayo: kwamba watu wa mji huu walikuwa wakimkamata mkono njiani na kumwingiza majumbani mwao kula. Walikubaliana wakistaafu waje pamoja ili naye ayaone. Mume akafariki wiki chache kabla ya tarehe ya ndege. Dada zake mgeni walimsihi avunje safari, hakuvunja. Na kwao, alinieleza, mke akifiwa hagusi kitu kilichokuwa na damu mpaka wiki saba zimalizike. Vijana wa siku hizi hawafuati. Wakubwa wenyewe wengi wamelegeza, na hao dada walimwambia safarini mtu husamehewa. Yeye hakutaka kusamehewa.

"Hiki ndicho kitu pekee kilichobaki ninachoweza kumfanyia," alisema.

Nilimwelewa haraka, maana chini yake, kwenye chumba kilichotenganishwa naye na zege tu, mama yangu alikuwa amekaa eda. Baba naye alikuwa ametutoka karibuni. Mama alikuwa hatoki nje, hapaki wanja, hajifukizi udi, anavaa nguo zisizo na nakshi na kusubiri muda wake utimie kama dini inavyotaka. Alikuwa bado hajamwona mgeni, ila alishamjua kwa miguu. "Huyo wa juu hali," aliniambia siku ileile ya kwanza. "Hatua zake za mtu mwenye njaa." Sikumuuliza miguu ya walioshiba husikikaje.

Basi tukaanza kutafuta. Nilimpeleka kwanza mgahawa wa karibu, wa chakula cha Kiomani, ambapo unakaa chini kwenye zulia na sinia linawekwa katikati. Nikamwagizia wali bila nyama. Mhudumu akaenda, akarudi na wali wa rangi ya dhahabu, unanukia, na juu yake palikuwa na shimo dogo pale pande la nyama lilipokuwa limekaa dakika moja iliyopita. Nikamuuliza. Akasema nyama ameiondoa kama nilivyotaka, sasa nataka nini tena. Nikaomba kuonana na mpishi. Mpishi alikuja akijifuta mikono, mtu mpole, akanihakikishia kwamba wali wenyewe hauna nyama kabisa, umepikwa kwa supu tu.

Tukahamia kwenye adesi, zile punje ndogo jamii ya dengu. Supu ya adesi ni adesi na kitunguu na ndimu, nani atatia mfupa humo? Kumbe karibu kila mtu. Siku hiyo na iliyofuata niliingia majiko ya watu ambayo nimepita mbele ya milango yake miaka yote bila kujua rangi ya kuta zake. Mahali pamoja walitia shingo za kuku na kuzitoa kabla ya kupakua. Kwingine ni kile kidonge cha supu cha kununua dukani, na mpishi aliapa kwamba hicho si kuku, ni unga. Mwingine alinionyesha mboga za majani zilizopikwa vizuri sana kwa mafuta ya kondoo. Nilianza kuuona mji wangu upya. Chini ya kila kitu palikuwa na mfupa, umetiwa kwa moyo mkunjufu, na hakuna aliyekuwa akidanganya. Kwa watu wetu supu haihesabiwi kuwa nyama. Inahesabiwa kuwa ukarimu, na aliyepika kwa maji matupu anaonekana amembania mtu.

Mgeni alikuwa hakasiriki. Aliinamisha kichwa, akashukuru, akala mkate na tende na kunywa chai ya maziwa, tukaondoka. Kwao, aliniambia njiani, ni vilevile: kila supu imeanza na samaki mkavu, hata ile inayoitwa ya mboga, na ukimuuliza mpishi anakushangaa. Tulicheka sote wawili ndani ya gari. Tulikuwa tunapita Wattaya wakati huo, magari mapya yamepangwa nyuma ya vioo pande zote, na yeye akauliza kama wauzaji wa magari pia hula mchana. Nikamwambia hula, na wali wao una supu.

Matrah ndiko tulikopata. Kwenye kichochoro nyuma ya soko kuna mkahawa wa Wagujarati ambamo nyama haijawahi kuvuka kizingiti. Sinia la chuma likaja na vibakuli vyake, dengu, bamia, viazi, mtindi, kachumbari, na mhudumu akawa anaongeza kila kibakuli kikipungua bila kuuliza. Mgeni alikula mpaka jasho likamtoka puani. Nikajiona nimemaliza kazi. Kesho yake tukarudi, na alipomaliza akakaa anakizungusha kijiko chake.

"Ni kizuri," alisema. "Nyumbani, karibu na kituo changu cha treni, kuna mkahawa kama huu. Chakula ni hikihiki." Akakiweka kijiko. "Mume wangu alikula majumbani."

Mimi siri haikai kifuani. Jioni ile nilipokuwa nampelekea mama dawa zake nikamsimulia yote, wiki saba, supu, mkahawa wa Matrah, na mume aliyekamatwa mkono njiani. Mama aliacha kunywa maji.

"Kafiwa?"

"Kafiwa, mama. Wiki chache tu."

"Na kapanda ndege?"

"Kwao hawakai ndani. Ila nyama hawali."

Mama alikiweka kikombe chini. "Sisi twakaa ndani na nyama twala," alisema. "Wao watoka, nyama hawali. Kila watu na njia yao ya kuumia." Kisha uso ukambadilika. "Na mjane mwenzangu ati yu juu ya kichwa changu siku zote hizi, anakwenda kula hotelini? Baba yako angekuwa hai ungethubutu?"

Nisingethubutu. Baba alikuwa mtu wa wageni. Ijumaa haikupita bila watu kwenye zulia letu, na sinia lilibebwa na watu wawili. Tangu azikwe, chakula kilikuwa kikiletwa na jamaa, na mama alikuwa anakigusagusa tu. Jikoni aliingia kujipikia kitu chake kidogo cha jioni, akatoka. Niliogopa. Alikuwa anapungua mbele ya macho yangu na sikujua nimshikeje.

"Mwambie Ijumaa aje," alisema. "Ntapika mwenyewe."

"Bila nyama, mama. Wala supu."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimuwekee mgeni wali mtupu? Mwanangu, watu watasemaje? Watasema kafa bwana, na nyumba yake ikafa."

Hilo ndilo lililokuwa shingoni mwake, na alilisema waziwazi. Kwa mama, mgeni wa kwanza kuketi kwenye zulia baada ya baba ndiye angeamua kama hii bado ni nyumba au ni mahali ambapo wanawake wawili wanalala. Na kwa yule wa juu, tonge moja la supu lingekuwa limevunja ahadi aliyovuka nayo bahari. Sinia moja lisingeweza kuwaridhisha wote wawili, na mbebaji wa sinia ni mimi. Nilimbembeleza mama mpaka akasema haya, ametii, atapika wali wa zafarani na viazi na korosho, na hiyo zafarani nitaitia mimi, kwa kuwa ina harufu na yeye yumo edani.

Ijumaa nilirudi kutoka dukani na mtindi, nikaingia jikoni, nikakuta mifupa ya mbuzi inachemka.

"Mama."

"Nyama haimo," alisema bila kugeuka. "Ntaitoa yote. Ni supu tu."

Nilicheka, halafu nikaona kilio kinataka kuja mahali pa kicheko. Nilimwambia hawezi. Akaniambia mgeni hatajua. Nikamwambia atajua, na hata asipojua, sisi tutajua. Tulibishana pale, sauti zikapanda, mama akauzima moto kwa kishindo na kukaa kwenye kile kiti kifupi anachokalia akichambua mchele.

"Basi mpeleke hotelini kwake," alisema. "Mimi sina cha kumpa."

Na mgeni alikuwa amesimama mlangoni. Tulimwalika mchana, naye amekuja mapema kidogo kama walivyo watu wa kwao, miguu mitupu, kifurushi kimefungwa kwa kitambaa mikononi. Hakuhitaji kufasiriwa, alikiona chungu cha mifupa, akauona uso wa mama. Nilimwambia ukweli wote, kwa nini mifupa ilitiwa na kwa nini imezimwa. Aliweka kifurushi chini na kumwinamia mama kwa muda mrefu. Mama, aliyekuwa na hasira zake, alijikuta amesimama na kumpa mkono, na wakabaki wameshikana mikono bila lugha.

Kisha mgeni akanusa. Kwenye jiko la nyuma kulikuwa na sufuria ndogo, mfuniko umekaa upande. Akaniuliza ile ni nini. Mama alielewa macho yalikoelekea, akaenda haraka akaifunika barabara.

"Hicho si cha mgeni," alisema. "Mwambie si kitu. Mbaazi tu, zetu za jioni."

Hapa lazima nieleze mbaazi ni nini kwetu, la sivyo msomaji atadhani mama alikuwa na uchoyo. Mama na baba walizaliwa Unguja, wakaja Maskati wangali vijana, na walipofika walikuta kwamba wao ni Waarabu wa kuchekwa. Kiarabu chao kilichekwa, na chakula chao zaidi. Jirani mmoja aliwaona wanakula muhogo akauliza kama nyumbani kwetu hakuna pesa. Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na vyakula viwili. Cha wageni kilikuwa wali wa kabuli na nyama na harisi ya ngano, kimejaa sinia. Cha wenyewe kilikuwa muhogo, kunde, mchicha, mbaazi za nazi, na kililiwa mlango ukishafungwa. Nilikua nikijua hivyo kama ninavyojua kwamba viatu vinavuliwa nje. Nilikuwa nimezunguka mji mzima kutafuta chakula kisicho na mfupa, nimeingia majiko ya wageni na wenyeji, na hata mara moja haikunijia akilini kwamba kilikuwa kwenye jiko letu la nyuma. Nadhani hata leo kimo katika majiko mengi ya Khuwair, kimefunikwa.

Mgeni aliuliza ndani yake mna nini. Nikamtajia: mbaazi, tui la nazi, kitunguu, bizari, chumvi. Na maji? Maji ya mfereji.

"Naomba hiyo," alisema.

Mama alitikisa kichwa. Alitikisa kwa adabu, lakini alitikisa. Ndipo mgeni akaniomba nimfasirie pole pole. Kila asubuhi na kila jioni, alisema, huweka kibakuli kidogo mbele ya picha ya mumewe. Hata huku amekuja nayo, imo juu kwenye meza karibu na dirisha. Humwekea kile anachokula mwenyewe. Siku zote hizi alikuwa amemwekea mkate na tende, na siku mbili chakula cha Matrah. Leo alikuwa amekuja na kibakuli chake, ndicho kile kilichofungwa kwenye kitambaa pamoja na zawadi, akitumaini mumewe naye ale mara moja tena kwenye nyumba ya Maskati. "Lakini yeye si mgeni wangu," alisema. "Ni wangu. Simwekei chakula cha wageni."

Nilifasiri nikiwa na wasiwasi, maana namjua mama na dini yake.

"Maiti hali," alisema mama, papo hapo. "Mwambie. Aliyekwenda kakwenda, yuko na Mola wake."

Nilifasiri hilo pia. Mgeni akaitikia kwa kichwa, hakubisha. Akasema huenda ni kweli, hajui; anachojua ni kwamba bila kumwekea, yeye mwenyewe tonge halimpiti.

Mama alisimama na mkono juu ya mfuniko. Nilikuwa nasubiri ghadhabu. Badala yake alianza kusema kwa sauti ya chini, hasemi na mimi wala na mgeni.

"Alizitaka mbaazi," alisema. "Baba yako. Zile siku za mwisho. Akanambia, mke wangu, nna hamu ya mbaazi, nipikie na mkate wa kumimina. Na nyumba imejaa watu wanakuja kumtazama, wake za watu wanaingia mpaka jikoni. Nikaona haya. Nikasema ntampikia wakiondoka. Hawakuondoka. Wakawa wanakuja, na mimi napika biriani, napika biriani, na yeye haigusi. Yeye hakuzipata."

Sikuwa najua. Nilikuwa nyumba hiyohiyo, nabeba masinia hayohayo, na sikuwa najua. Kumbe kile kitu chake kidogo cha jioni, siku zote zile, kilikuwa mbaazi, na alikuwa akizipika akizitazama kuliko kuzila. Machozi yalinitoka nikayaacha. Mgeni aliniuliza kwa macho mama kasema nini, nikamweleza kwa maneno yaliyokatikakatika, na yeye akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mama, juu ya ule mfuniko.

Mama akaufunua.

Hatukula jikoni. Mama alitandika kitambaa cha sinia kwenye zulia la wageni, akaniambia nilete mabakuli ya kaure. Akampakulia mgeni kwanza, na mkate akaukata kwa mkono wake. Mgeni alikula, akaomba tena, akaomba tena. Mama alimtazama bakuli la kwanza lote. La pili alianza kumega naye, na mimi nikajifanya sitazami anavyokula. Kibakuli cha mume mama alikijaza kwa upawa uleule, akakisukuma upande wa mgeni. Ya maiti kula au kutokula aliachana nayo.

Zilipobaki mbaazi za chini ya sufuria, zile nzito, mama alichukua bakuli jingine akalijaza, akaweka vipande vya mkate juu, akafunika kwa sahani. Akanikabidhi mimi.

"Peleka nyumba ya pili," alisema. "Sema ni sadaka ya baba yako."

Nyumba ya pili, inayopakana na yetu, ni ya watu wa Nizwa, Waomani wa bara, watu wema, ambao kwa miaka yote tumewapelekea nyama ya Iddi, halua na maandazi yenye iliki. Nikamuuliza mama kama ana hakika. Zaidi ya hayo, nikamuuliza, wakitaka kujua ni chakula gani, niseme nini?

"Sema mbaazi," alisema mama. "Sema ndicho alichokuwa akikipenda."

Nilitoka na bakuli mikononi, jua la Ijumaa linapiga, sahani inacheza juu ya mvuke. Mlango alifungua mama wa nyumba mwenyewe. Akaifunua sahani palepale kizingitini, akatazama, akaniuliza kile ni nini, nami nikamwambia.